Kubadilishana magari kati ya polisi na zimamoto: niliyojifunza Tabora

Nimestaafu baada ya miaka 26 ya kushika magari ya serikali, mingi kati ya hiyo nikiwa afisa usafirishaji mkoani Tabora. Mara tatu nimehusika polisi na zimamoto walipobadilishana magari. Mara moja mambo yalikwenda vizuri sana, mara moja yakakwama kwenye makaratasi, na mara moja nusura tuzike watu. Sahihi yangu imo kwenye hati zote tatu za makabidhiano. Vijana walioshika nafasi kama yangu hunipigia wakiuliza waanzie wapi, basi nimeona niandike.

Wazo lenyewe ni zuri na nalitetea mpaka leo. Utakuta karandinga, lori la polisi la kubebea mahabusu, limeegeshwa chini ya mwembe mwaka wa pili, injini nzima, chasisi nzima, halina kazi kwa kuwa wamepata jipya. Ng'ambo ya barabara zimamoto wana gari dogo la ziada lakini hawana lori la kuwafuata na maji. Polisi nao wanalilia gari dogo la doria. Majeshi yote mawili yapo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Kungoja mnada, chuma kiende kwa bei ya kutupa, ni hasara kwa wote wawili.

Nianze na lile baya. Zimamoto walipewa difenda la polisi (sisi tunaliita difenda, ingawa kwa kweli ni pikapu ya Land Cruiser). Lilikuwa zima, linawaka kwa ufunguo wa kwanza. Tukafunga simtanki la lita 1000 nyuma, pampu ndogo pembeni, mipira, na benchi la askari wanne. Siku ya majaribio tulielekea barabara ya Sikonge. Dereva, kijana makini, aliniambia mapema, "Mzee, nikikata kona hili gari linaendelea kwenda lilikokuwa linakwenda." Nikamwambia apunguze mwendo. Kona ya pili tukaingia shambani. Askari mmoja alivunjika mkono, na springi ya nyuma ilikatika vipande viwili.

Hesabu ambayo nilipaswa kuifanya kabla ya kusaini ni hii. Lita moja ya maji ni kilo moja. Pikapu ile hubeba kama tani moja tu, na tangi peke yake lilishaimaliza. Weka askari wanne na mavazi yao, kama kilo 400. Weka pampu na mipira, kilo 200 nyingine. Ukizitoa hizo kwanza, maji yanayobaki halali ni lita 400. Kwa mpira unaotoa lita 100 kwa dakika, hiyo ni kazi ya dakika nne. Zinatosha kuzima moto wa nyasi ukiwa bado mchanga, au jiko lililoshika pazia. Kwa ghala la tumbaku hazitoshi hata kidogo, na heri ujue hivyo kabla ya kutoka kituoni.

Jambo la pili ni kwamba maji hayatulii. Tangi likiwa nusu ndiyo hatari zaidi kuliko likijaa, kwa sababu maji yote hukimbilia upande mmoja ukipiga kona na hukimbilia mbele ukifunga breki. Ndiyo maana tangi la gari la zimamoto lina kuta za ndani zenye matundu, zinazoyavunja maji nguvu. Simtanki halina kitu hicho.

Lile lililofana lilikuwa karandinga. Chasisi yake ni ya lori la tani saba, kwa hiyo tulichomelea tangi la chuma la lita 4000 lenye kuta za ndani, na bado uzito ukabaki ndani ya uwezo wake. Mnaotaka kubadilishana, tafuteni lori. Gari dogo liwe la kupelekea watu na vifaa vya uokoaji, basi.

Kuna wanaopendekeza washawasha, lile gari la polisi la kutawanya watu kwa maji ya kuwasha, kwa kuwa tayari lina tangi na pampu. Mimi ningelikubali kama msaada wa siku moja, tena baada ya kusafisha tangi vizuri, maana lile limetengenezwa kurusha maji likiwa limesimama mbali. Uliza kwanza kama lina mahali pa kuunganisha mpira wa kuingia nao ndani ya nyumba.

Kwenye ukaguzi, waiteni TEMESA, wakala wa serikali wa ufundi na umeme, lakini na nyinyi wenyewe angalieni. Msidanganywe na kilomita. Gari la zimamoto linaweza kusoma kilomita chache huku injini imenguruma saa nyingi likisukuma maji papo hapo. Difenda la doria nalo hukaa linaunguruma kwenye vizuizi usiku kucha. Halafu inama kwenye tairi. Ubavuni mna tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukisoma 1812, tairi lilitengenezwa wiki ya 18 ya mwaka 2012, hata kama meno yake bado marefu. Lile karandinga lilikuwa na tairi sita zenye sura nzuri, na zote tulizitupa kwa uzee.

Makaratasi nayo. Kuwa wizara moja kusikupoteze: kwenye bajeti ya serikali polisi wana Fungu 28, zimamoto Fungu 14, na kila fungu lina afisa masuuli wake, yaani mwenye dhamana ya fedha na mali, na daftari lake la mali. Makamanda wawili wa mkoa hawawezi kumaliza jambo kwa kupeana mikono, hata wakiwa marafiki. Lile lililokwama lilikuwa gari la zamani la zimamoto ambalo kadi yake ya usajili bado ilisoma jina la halmashauri, kwa kuwa kabla ya sheria ya mwaka 2007 zimamoto zilikuwa za halmashauri. Tulizunguka nalo miezi kumi na moja. Shikeni kadi mkononi kabla ya kumwita fundi. Na anayepokea aonyeshe kwa maandishi mafuta na matengenezo yatatoka kasma ipi, yaani kifungu kipi cha bajeti yake, la sivyo mmehamisha tu mwembe wa kulaza gari.

Siku ya makabidhiano, redio ya mawasiliano ya polisi itoke kwenye gari. Namba za PT, zile za magari ya polisi, zitoke. Rangi ibadilishwe siku hiyo hiyo. Hili la rangi tulilipuuza. Karandinga letu lilitoka mara ya kwanza likiwa bado na rangi ya polisi, kwenda kwenye mabani ya tumbaku, mabanda ya kuikaushia, yaliyoshika moto. Wanakijiji walipoliona linaingia wakatawanyika, vijana wakaruka uzio, na askari wakabaki hawana wa kuwaonyesha kisima kilipo. Wiki iliyofuata tulilipaka jekundu, tukaandika 114, namba ya dharura ya zimamoto, kubwa ubavuni. Safari ya pili watoto ndio walikimbia mbele yake kutuonyesha njia ya lambo.