Laptop ya T480 ya mtumba: angalia prosesa na betri kabla ya kulipa

Mkuu, umeuliza kama laptop ya ThinkPad T480 ya mtumba yenye RAM ya GB 8 itamfaa mwanafunzi wa uhasibu. Itamfaa, ila soma prosesa (chipu kuu ya kompyuta) kwanza: i5-8250U au 8350U, za kizazi cha 8, ni sawa. Zipo T480 zenye kizazi cha 7 cha Intel, hizo Windows 11 haizikubali rasmi, na Windows 10 ilikoma kuhudumiwa Oktoba 2025.

Halafu betri. Fungua Command Prompt (dirisha la Windows la kuandikia amri), andika powercfg /batteryreport, kisha fungua faili linalotengenezwa. Gawanya Full Charge Capacity (chaji ambayo betri inabeba sasa ikijaa) kwa Design Capacity (iliyoundwa kubeba ikiwa mpya). Ikishuka chini ya asilimia 60, dai punguzo. Kawaida zipo betri mbili, ya ndani na ya nje, kwa hiyo kagua zote. Maneno ya muuzaji "inakaa saa sita" mwachie mwenyewe.