Kwa Wanaoanza Kumchunguza Kuzumburu

Ninyi mnaoanza kazi ya kuchunguza ndege, nawashauri msikimbilie ndege adimu wa msituni. Anzeni na kuzumburu, ambaye wengine humwita pasa, kwa kuwa hakosekani penye vichaka vya matunda, na kwa kuwa mienendo yake humlazimisha mtu atazame kwanza kabla ya kuamua alichokiona.

Jamii yake ina spishi 6 tu zilizo hai, zote za Afrika kusini ya Sahara, ingawa mabaki ya kale ya jamaa zake yamechimbuliwa Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Mtakayekutana naye mara nyingi ni Colius striatus, ndege wa rangi ya kahawia mwenye kishungi, ambaye urefu wake hufika takriban sentimita 35, lakini zaidi ya nusu ya urefu huo ni mkia. Kwenye nyika kavu yupo ndugu yake, Urocolius macrourus, mwenye doa la buluu kisogoni.

Itazameni miguu yake kwa darubini. Vidole vyote vinne vinaweza kuelekea mbele, na baadhi yake hugeuka nyuma kila anapohitaji, ndiyo maana hupanda matawi kama panya na kuning'inia huku nyayo zikiwa usawa wa mabega. Nilipokuwa mgeni katika kazi hii niliandika daftarini kwamba nimemwona ndege aliyenaswa, kumbe alikuwa amepumzika tu.

Kosa langu la pili lilikuwa kubwa zaidi. Asubuhi moja ya baridi kali huko Lushoto, baada ya mvua ya usiku kucha, nilimkuta kuzumburu peke yake tawini, amejikunyata, macho nusu yamefumba, wala hakushtuka nilipomkaribia. Nilimchukua, nikamweka ndani ya boksi nikidhani ni mgonjwa. Jua lilipopanda akaanza kukwaruza boksi, na nilipofungua aliruka moja kwa moja hadi kichakani. Baadaye nilijifunza kwamba ndege huyu, akikosa chakula na joto la wenzake, anaweza kushusha joto la mwili wake na kuzubaa ili asitumie nguvu nyingi. Kwa kawaida hulala wakiwa wameshikamana kifua kwa kifua kama kichala, na asubuhi huota jua wakiwa wamelielekezea tumbo. Kwa hiyo mkimkuta amezubaa alfajiri, msimguse. Kaeni mbali na msubiri jua.

Kuhusu chakula, msiridhike kuandika kwamba anakula matunda. Hula pia majani machanga, machipukizi, maua na utomvu wake mtamu, na majani hayo ni mazito kusagika tumboni, jambo ambalo huenda ndilo linalomfanya ahitaji sana jua la asubuhi. Wakulima wanamlalamikia kwa sababu kundi moja laweza kutoboa mapapai na mapera yaliyoiva na kukata miche ya mboga, na malalamiko hayo ni ya haki. Yasikilizeni, kwani mkulima anajua vizuri kuliko mgeni ni wiki gani walifika na walianza na mti upi.

Mahali pazuri pa kujifunzia ni kichaka cha lantana, mmea uliotoka Amerika ya kitropiki ukasambaa kwetu kwa msaada wa ndege wanaomeza tunda pamoja na mbegu yake. Kaeni hapo saa nzima. Andikeni ni ndege wangapi wamefika, wamechuma matunda meusi yaliyoiva au mabichi ya kijani, wameyameza mazima au wameyadonoa, na wameelekea upande gani waliporuka mmoja baada ya mwingine. Kisha tafuteni kinyesi chini ya mti waliotua na muhesabu mbegu zilizomo.