Baba A, mama B, mtoto O: usimkatae mwanao

Pole sana kaka. Wewe ni kundi A, mama watoto B, mtoto kapimwa O, na ndugu wanasema si wako. Wasikuyumbishe. Jeni ya kundi la damu ina aina tatu, A, B na O, ila kila mtu hubeba mbili tu: moja ya baba, moja ya mama. O hufunikwa na A au B, ndiyo maana kadi yako inasomeka A hata kama umebeba AO. Wewe AO, mkeo BO: kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuzaa O. Kwetu mimi ni O, dada yangu AB, baba na mama wamoja.

Ungekuwa AB, ningesema rudieni kipimo kwanza. Hata hapo ipo jeni nyingine, H, ambayo A na B hujengwa juu ya kazi yake. Asiye na H inayofanya kazi husomeka O, hata kama amebeba A au B. Hali hiyo ilielezwa Bombay, India, mwaka 1952, ni nadra mno, na mwenye nayo akiongezewa damu ya O ya kawaida humdhuru.

Wasiwasi ukibaki, zungumza na mkeo, kisha daktari awaelekeze kwenye kipimo cha vinasaba. Kwa Tanzania ni kwa Mkemia Mkuu wa Serikali.