Hela ya mtoto si fadhila ya baba mtoto

Juzi dada mmoja ameniandikia: "Dada, baba mtoto anasema nikienda ustawi wa jamii kudai matunzo nitakuwa nimemdhalilisha, na hatatoa tena hata mia. Nifanyeje?" Nilicheka, kisha nikanuna. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi mbele ya shangazi zake, kwenye kikao cha familia ambacho wenzangu walikuja wameshakubaliana.

Kikao kiliamua atatoa "kadiri atakavyojaliwa". Akajaliwa mara chache, halafu simu ikawa haipatikani, huku picha za gari jipya zinapatikana vizuri tu. Ndipo nikaenda ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri. Afisa, mama mtu mzima, hakunipa hata pole. Aliomba cheti cha kuzaliwa, akaniuliza: "Anafanya kazi gani, na unajuaje?" Nikatoa daftari nililokuwa naandika sare, dawa na nauli, na risiti nimezibana nyuma. Alilifungua ukurasa kwa ukurasa, bila haraka. Tangu siku hiyo nawaambia wanawake wenzangu: andikeni.

Baba mtoto aliitwa, hakuja. Shauri likaenda Mahakama ya Watoto. Mambo ya huko husikilizwa faragha, kwa hiyo shangazi walibaki nje kwenye benchi. Sitasahau raha ile, Mungu anisamehe. Lakini ndani aligeuka akasema mtoto si wake. Mtu aliyemchagulia jina mwenyewe! Mahakama ikaagiza vipimo vya vinasaba (DNA), vinavyofanywa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Majibu yaliposomwa aliangalia sakafu. Mpaka leo hajasema samahani, na sidhani kama atasema.

Nikashinda. Hakimu hakunipa yote niliyoomba, kwa sababu Sheria ya Mtoto ya 2009, hapa kwetu Tanzania, inamtaka apime kipato cha wazazi wote wawili, watoto wengine ambao mzazi anawajibika kuwatunza, na gharama za maisha za mahali mtoto anapoishi. Kwa hiyo usiende na bei ya hasira. Ila tumetoka mbali: sheria ya zamani, kwa mtoto wa nje ya ndoa, ilikuwa na ukomo wa shilingi 100 kwa mwezi. Mia moja, jamani!

Na hapa ndipo wengi mnapoteleza. Kama hamkufunga ndoa, sheria inataka maombi yapelekwe kabla mtoto hajazaliwa, au ndani ya miezi 24 baada ya kuzaliwa. Ukichelewa, itakubidi uonyeshe kwamba ndani ya miezi hiyo baba alitoa chochote cha matunzo. Ule muamala wa elfu tano aliokutumia mtoto akiwa mchanga, uliotaka kuufuta kwa uchungu, unaweza kuwa ndio ushahidi wako. Usifute ujumbe. Usifute!

Wewe mdogo wangu, acha kuogopa kumdhalilisha mtu mzima. Matunzo ni haki ya mtoto. Wewe huwezi kuisamehe kwa niaba yake, wala kikao hakiwezi. Wakili si lazima. Tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 wasaidizi wa kisheria wanatambulika rasmi, na wanakusaidia bure. Nenda na cheti, nenda na daftari. Narudia, daftari.

Jambo moja halitawapendeza baadhi yenu: usimfiche mtoto kwa sababu baba hatoi. Wazazi wakitengana, sheria hiyo hiyo inampa mtoto haki ya kumtembelea mzazi wa pili na kukaa naye. Wangu likizo anakwenda kwa baba yake, namfungia begi mwenyewe. Hela ikichelewa, nachukua namba ya shauri narudi mahakamani. Kwenye simu sibishani naye tena.