Kabla hujabonyeza kurenda, lisome faili lako

Wadogo zangu mnaoingia kwenye kazi ya video, naona wengi wenu mkirenda, yaani mkiitoa video kama faili la mwisho, na ikatoka mbaya, mnakimbilia kuongeza bitireti, kiasi cha data kwa kila sekunde ya video. Sauti imeachana na midomo, bitireti. Sura zimekuwa nyembamba, bitireti. Haisaidii, maana tatizo halikuzaliwa wakati wa kubana. Lilizaliwa mapema, pale programu ilipolifungua faili na kuamua kila fremu, yaani kila picha moja ya video, ionekane sekunde gani, iwe na umbo gani na rangi zake zisomwe vipi. Hatua hiyo haina mbwembwe kwenye skrini, kwa hiyo watu wanairuka.

MP4, MOV na MKV ni makasha tu. Ndani yake kuna picha iliyobanwa kwa kodeki (njia ya kubana na kukunjua) moja, tuseme H.264 au HEVC, na sauti iliyobanwa kwa kodeki nyingine. Programu hulifungua kasha, hutenganisha picha na sauti, kisha hukunjua kila kimoja mpaka zipatikane fremu kamili. Hizo ndizo zinazobanwa upya. Sasa mteja akikuletea MKV yenye H.264 na AAC (kodeki ya sauti), naye anataka MP4, unarenda ya nini? Tumia FFmpeg, programu ya video inayoamrishwa kwa maandishi, na uandike -c copy, yaani nakili bila kubana upya. Vilivyomo vinahamia kasha jipya kama vilivyo, kwa muda mfupi sana, na ubora haupungui hata kidogo.

Kwenye kasi ya fremu nitakaa zaidi, kwa sababu ndiko video za harusi zinakoharibikia. Kamera ukiiweka 25 inatoa fremu 25 kila sekunde, basi. Simu sivyo. Taa za ukumbini zikipunguzwa bi harusi anapoingia, simu nyingi hupunguza kasi ili kila fremu ipate mwanga wa kutosha, na taa zikiwaka kasi inapanda tena. Kila fremu hubeba alama yake ya muda, ndiyo maana ukiitazama kwenye simu yenyewe huoni kasoro. Programu ya kuhariri ikizipuuza alama hizo na kuzipanga fremu kwa nafasi sawa, picha inakwenda kivyake na sauti kivyake. Dakika za mwanzo huoni kitu. Ukifika kwenye nasaha za wazazi, mzee kashafunga mdomo na sauti bado inaendelea.

Kwa hiyo lipitishe faili kwenye ffprobe, mwenzake FFmpeg anayesoma taarifa za faili, utazame r_frame_rate (kasi ya msingi) na avg_frame_rate (kasi ya wastani). Zikitofautiana, shuku. Lipeleke kwanza HandBrake, programu ya kubadilisha video, chagua Constant Framerate (kasi isiyobadilika), ndipo ulilete kwenye taimlaini. Na tafadhali, 29.97 si 30. Ni 30000 gawanya kwa 1001. Ukiichukulia kuwa 30, picha ya saa moja inamalizika sekunde 3.6 kabla ya sauti yake.

Siku hizi watu wanaleta pia mikanda ya wazazi wao ihamishiwe kwenye flashi. Mkanda wa MiniDV wa huku kwetu ni 720 kwa 576, na kila fremu yake ni nusu mbili zilizochukuliwa kwa nyakati tofauti, mistari ya nusu moja ikipishana na ya nyingine. Mtu akitembea, kingo zake zinaonekana kama meno ya kitana. Ondoa mpishano huo kwanza kwa yadif au bwdif, vichujio vya FFmpeg, halafu ndipo ubadilishe ukubwa. FFmpeg hufuata vichujio kwa mpangilio uliouandika. Ukitanguliza scale, kichujio cha kubadilisha ukubwa, mistari ya nusu zile mbili inachanganyika na hakuna wa kuitenganisha tena. Pikseli za mkanda huo pia si za mraba. Hizo ndizo sura nyembamba nilizotaja: programu imesoma 720 kwa 576 bila kusoma umbo la pikseli.

Kwa H.264 ya kawaida, pikseli nne hutumia taarifa moja ya rangi, ndiyo sababu upana na kimo lazima vigawanyike kwa 2. Ukiomba 853 kwa 480, libx264, kibanaji cha H.264 ndani ya FFmpeg, itakukatalia. Andika scale=-2:480 ichague yenyewe. Video za HDR (zenye mwanga na rangi pana kuliko kawaida) kutoka iPhone nazo zikisomwa kama za kawaida hupauka, gauni na ngozi zote zinaelekea kijivu. Geuza rangi kabla ya kubana, maana kuongeza ubora wakati wa kurenda hakuzirudishi.

HandBrake hutazama picha chache za faili na kukisia pa kukata mistari myeusi. Kama video ina sehemu nyingi za giza, hakiki namba za Crop (kiasi kinachokatwa kila upande) mwenyewe.

Kabla hujaiachia kompyuta usiku kucha, nenda mwisho wa klipu ndefu kuliko zote, mtafute mtu anayeongea karibu na kamera au anayepiga makofi, urende dakika moja ya hapo, kisha uitazame kwenye simu na kwenye runinga.