Maswali Yenu Kuhusu Wanawake wa Bolivia

Swali: Ni kweli kwamba katika bunge la Bolivia wanawake waliwahi kuwazidi wanaume?

Jibu: Ni kweli. Katika uchaguzi wa Oktoba 2014 wanawake walipata viti 69 kati ya 130 vya Baraza la Wawakilishi. Viti hivyo havikuwa viti maalumu kama vile tunavyovijua Tanzania. Katiba ya mwaka 2009 ilitaka usawa, na sheria ya uchaguzi ya mwaka uliofuata ikaviagiza vyama kupanga majina ya wagombea kwa kupokezana, mwanamke kisha mwanamume, kutoka juu ya orodha hadi chini. Kwa maoni yangu utaratibu huo una heshima zaidi, kwa kuwa mbunge mwanamke huingia kwa kura zilezile zilizomwingiza mwenzake mwanamume.

Swali: Nani aliwapigania hadi wakafika hapo?

Jibu: Haki ya kupiga kura ilitangazwa tarehe 21 Julai 1952, baada ya mapinduzi ya mwaka huo, na pamoja nayo likafutwa sharti la kujua kusoma, ambalo lilikuwa limewaacha nje hata wanaume wengi wa makabila ya wenyeji. Lakini anayetaka kuwafahamu wanawake hawa naomba aanzie Desemba 1977, wakati wa utawala wa kijeshi wa Jenerali Hugo Banzer, pale wake wanne wa wachimbaji wa madini ya bati walipoingia na watoto wao katika makao ya askofu mkuu mjini La Paz wakagoma kula, wakidai wafungwa na wahamishwa wa kisiasa wasamehewe, waume zao warudishiwe kazi na jeshi liondoke migodini. Domitila Barrios de Chungara, naye mke wa mchimbaji, alijiunga nao siku chache baadaye. Wagomaji walipozidi 1,000 nchi nzima, serikali ilikubali kutoa msamaha Januari 1978. Kila ninapokisoma kisa hiki nawawazia watoto wale.

Swali: Na watumishi wa nyumbani, wana ulinzi wowote?

Jibu: Wana sheria yao tangu mwaka 2003. Casimira Rodríguez, mwanamke wa Waquechua, mojawapo ya makabila ya wenyeji, aliyeanza kutumika majumbani akiwa na miaka 13, tena bila mshahara kwa miaka miwili, aliongoza chama chao na mwaka 2006 akateuliwa kuwa Waziri wa Sheria.

Swali: Mbona basi bado tunasikia habari za wanawake kuuawa huko?

Jibu: Kwa sababu kiti hakimlindi aliyekikalia. Juana Quispe, diwani wa mji wa Ancoraimes, alishinikizwa na wenzake ajiuzulu na akazuiwa kuingia vikaoni. Mahakama ilipoamuru arudishwe, haukupita muda akauawa, Machi 2012. Miezi miwili baadaye ilipitishwa Sheria Na. 243 dhidi ya unyanyasaji wa wanawake katika siasa, na mwaka 2013 Sheria Na. 348, inayomhukumu miaka 30 jela, bila msamaha, mtu anayemuua mwanamke kwa sababu ya uanamke wake. Sheria zote mbili ni nzuri. Hata hivyo, kesi ya Quispe mwenyewe, ambaye kifo chake kiliharakisha kupitishwa kwa sheria ya kwanza, ilikokotwa kwa zaidi ya miaka 10.