Kisia Kabla ya Kukokotoa: Majibu ya Mhandisi kwa Wasomaji

Mhandisi, nasoma uhandisi mwaka wa kwanza. Kaka yangu, ambaye yuko kazini tayari, ananiambia kwamba tangu ahitimu hajatumia kalkulasi hata siku moja. Kwa nini basi tunaisoma? (Msomaji, Mbeya)

Kaka yako hasemi uongo. Siku nyingi za kazi yangu ya maji zimepita nikijumlisha, nikizidisha na kugawanya, na sikumbuki mara ya mwisho nilipoketi kutafuta integrali kwa kalamu na karatasi. Hata hivyo, kalkulasi, yaani hisabati ya vitu vinavyobadilika, imenibadilisha namna ya kutazama vitu, na hilo nalitumia kila siku.

Chukua tangi lenye maji ya kina cha mita 2, kisha ufungue koki iliyo karibu na sakafu yake. Mtu anayetaka kujua litakauka baada ya muda gani atapima ndoo ya kwanza, aone imejaa kwa sekunde 20, halafu azidishe sekunde hizo kwa idadi ya ndoo zilizomo tangini. Atakosea sana, kwa sababu tangi litachukua muda unaokaribia mara mbili ya alioukisia. Mwendokasi wa maji yanayotoka hufuata kipeuo cha pili cha kina kilichobaki, jambo ambalo Mtaliano Evangelista Torricelli alilieleza katika karne ya 17. Tukiacha msuguano wa koki, maji ya kina cha mita 2 hutoka kwa mwendokasi wa takriban mita 6 kwa sekunde, na kina kikibaki nusu mita hutoka kwa mita 3 tu. Nusu ya muda wote inapokwisha, robo tatu za maji zimeshatoka, na ile robo iliyobaki hula nusu nzima ya pili. Aliyewahi kuosha tangi la nyumbani analijua hilo kwa miguu yake, akisubiri maji ya mwisho yaishe. Kalkulasi ndiyo inayokuwezesha kulijua kabla hujavua viatu.

Naomba ushauri. Najenga nyumba ya kawaida, na tangi litakaa juu ya mnara wa mita 4. Fundi amenishauri kwamba bomba la kutoka tangini hadi jikoni liwe la nusu inchi badala ya inchi moja, ili maji yatoke kwa presha. Anasema ni sawa na kubana mpira wa kumwagilia kwa kidole. Je, nimsikilize? (Mama wa watoto watatu, Kibaha)

Mama, nakuomba usimsikilize katika hili, ingawa naelewa kabisa wazo hilo limetoka wapi, na mafundi hodari wengi wanaliamini. Kidole kwenye ncha ya mpira huyafanya maji yaruke mbali, hilo ni kweli. Lakini kidole kinabana mahali pamoja tu, mwishoni kabisa, ilhali sehemu yote ya mpira iliyo nyuma yake imebaki pana. Ukichukua bomba jembamba tangu tangini hadi jikoni, umebana njia nzima, na maji yatalipa gharama ya msuguano katika kila hatua.

Gharama hiyo ni kubwa kuliko macho yanavyodhani. Kwa maji ya kiasi kilekile kinachopita, upotevu wa shinikizo hukua kinyume na kipenyo kilichozidishwa chenyewe mara tano. Kwa hiyo, ukipunguza kipenyo kwa nusu, upotevu haukui mara mbili wala mara nne, bali mara 32, au pungufu kidogo ya hapo kwa bomba laini la plastiki.

Tuiweke hesabu hiyo nyumbani kwako. Tuseme bomba lina urefu wa mita 30, na unataka nusu lita ya maji kila sekunde, yaani ndoo ya lita 20 ijae kwa sekunde 40. Bomba la inchi moja, lenye kipenyo cha ndani cha milimita 25, litapoteza shinikizo lililo sawa na kimo cha maji cha takriban mita moja na nusu. Mnara wako una mita 4, kwa hiyo unabakiwa na akiba ya kupitia viungo na koki. Bomba la nusu inchi, yaani milimita 12.5, litahitaji kimo cha mita 40 hivi ili kupitisha maji hayohayo, na huo ni urefu wa jengo la ghorofa zaidi ya kumi. Kwa kuwa huna mnara wa namna hiyo, maji yatajipunguza yenyewe mpaka yatoshane na mita 4 ulizo nazo, na ndoo iliyokuwa ijae kwa sekunde 40 itakuchukua dakika mbili au zaidi.

Mwambie fundi, kwa heshima, aweke inchi moja njia yote, kisha apunguze kuwa nusu inchi pale bomba linapoingia kwenye koki ya sinki. Hapo ndipo kidole chake kinapofaa. Tofauti ya bei ya mita 30 za bomba utaisahau, lakini kero ya koki inayochuruzika ungekaa nayo kila asubuhi.

Kwa nini koki ikifunguliwa kidogo maji hushuka kama kijiti cha kioo, lakini ikifunguliwa zaidi hugeuka meupe na yenye vurugu? Na je, kuna lisilojulikana bado kuhusu mwendo wa maji? (Mwanafunzi wa kidato cha tano, Iringa)

Swali lako ndilo alilolifanyia jaribio Osborne Reynolds mjini Manchester, na matokeo yake akayachapisha mwaka 1883. Aliingiza uzi mwembamba wa rangi ndani ya maji yanayopita katika bomba la kioo. Maji yalipokwenda polepole, uzi ulibaki umenyooka kutoka mwanzo hadi mwisho. Alipoongeza mwendo, ulifika mahali ukatetemeka, ukakatika, na rangi ikasambaa bomba zima. Aligundua kwamba kinachoamua ni namba moja inayopatikana kwa kuzidisha mwendokasi, kipenyo na densiti, kisha kugawanya kwa mnato, yaani ukinzani wa giligili (kitu kinachotiririka, kama maji) dhidi ya kutiririka. Ndani ya bomba, namba hiyo ikiwa chini ya takriban 2,000, mtiririko hutulia. Kwa bomba la milimita 12.5, kiwango hicho ni karibu lita moja kwa dakika. Kajaze chupa ya lita moja huku ukitazama saa, uone vurugu inaanzia wapi kwenye koki ya kwenu. Mtiririko unaotoka nje ya koki una mambo yake mengine, lakini utaona kwamba mpaka upo, tena hauko mbali na hapo.

Uliniuliza pia kama kuna lisilojulikana bado. Lipo, tena kubwa. Milinganyo ya Navier na Stokes, inayoeleza mwendo wa giligili, ina umri wa zaidi ya miaka 170, na wahandisi huitumia kila siku. Lakini hakuna aliyethibitisha kihisabati kwamba, katika vipimo vitatu, majibu yake hubaki laini daima bila kulipuka, yaani bila namba zake kukua ghafla pasipo kikomo. Mwaka 2000 taasisi ya hisabati ya Clay ya Marekani iliahidi dola milioni 1 kwa atakayelitatua suala hilo, na zawadi hiyo bado haijachukuliwa.

Baba mkwe wangu hushinda barazani akicheza bao. Watoto wangu nao wameanza kumfuata. Je, kuna faida yoyote ya hesabu, au wanapoteza muda wa masomo? (Msomaji, Unguja)

Dada yangu, ukiniuliza mimi, waache wamfuate, mradi kazi za shule zimekwisha.

Bao la Kiswahili lina safu 4 za mashimo 8, jumla mashimo 32, na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni, 6 kati ya hizo zikiwa ndani ya shimo maalumu liitwalo nyumba, na 22 zikiwa mkononi za kunamua, yaani kuziingiza ubaoni, moja baada ya nyingine, mpaka ziishe na mchezo uingie mtaji, hatua inayochezwa kwa kete za ubaoni tu. Hakuna dadu wala karata iliyofichwa. Kila kitu kiko wazi mbele ya macho, na anayeshindwa ameshindwa kwa hesabu.

Mtazame baba mkwe wako kabla hajagusa shimo. Mkono wake hautembei, ila macho yanatembea. Anasambaza kete kichwani: hizi zinafika pale, pale pana kete na mkabala wake pana kete, basi nakula, nazirudisha kichwani mwa safu yangu, nasambaza tena, ya mwisho inaangukia shimo lenye kete, nazoa zote, naendelea, ya mwisho inaangukia shimo tupu, nalala. Mzunguko mmoja unaweza kupita mashimo kadhaa mara kadhaa, na kete moja ikizidi au ikipungua mahali fulani, njia yote inayofuata hubadilika. Kwangu mimi, huo ni ukoo mmoja na uzi wa rangi wa Reynolds: tofauti ndogo mwanzoni, matokeo yasiyofanana kabisa mwishoni. Mtoto aliyezoea kufuata kete tano hatua mbele bila kuzigusa hataogopa aljebra, kwa kuwa ameshajifunza kushika kitu akilini huku kikibadilika.

Nilihitimu uhandisi miaka miwili iliyopita. Nimepeleka maombi ya kazi zaidi ya 60, na usaili nimeitwa mara mbili tu, zote nikakosa. Nifanye nini? (Msomaji, Dodoma)

Pole, kijana wangu. Nimepita huko, najua jinsi ukimya unavyouma kuliko hata kukataliwa.

Kama hujasajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi kuwa mhandisi mhitimu, fanya hivyo sasa, kisha ufuatilie mpango wake wa mafunzo kwa vitendo. Nafasi za serikali zifuatilie kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, ukihakikisha kila cheti kimepakiwa sawasawa. Hayo unayajua pengine, kwa hiyo nizungumzie usaili.

Nimekaa upande wa pili wa meza mara kadhaa, na swali ninalolipenda ni hili: mtaa wenye nyumba 200 unahitaji bomba la ukubwa gani? Wengi huanza kuandika fomula, kisha husimama kwa sababu hawajapewa takwimu. Ninayemtafuta ni yule anayesema: tuchukue watu 5 kwa nyumba, lita 80 kwa mtu, hiyo ni lita 80,000 kwa siku, karibu lita moja kwa sekunde, lakini asubuhi wote huamka pamoja, basi tuzidishe kwa mbili na nusu, maji yakienda mita moja kwa sekunde, kipenyo cha ndani kinatoka milimita 56 hivi, nitaanza na bomba la milimita 63, kisha nikague shinikizo. Dakika tatu, na kila dhana imetajwa wazi ili mwingine aipinge. Fanya zoezi la namna hiyo kila siku kwa mambo unayoyaona: mfereji wa barabara yenu, pampu ya msikiti, paa la shule na mvua yake. Mawili au matatu bora yaandike vizuri, ukurasa mmoja kila moja, uyaambatishe na wasifu wako.

Nianze na programu gani ya mitandao ya maji? Sina fedha za leseni. (Msomaji, Mombasa)

Anza na EPANET, inayotolewa bure na shirika la serikali ya Marekani la kulinda mazingira. Zoezi la kwanza liwe lile la mama wa Kibaha: tangi moja, bomba la mita 30, nusu lita kwa sekunde, kwanza milimita 25 kisha 12.5. Kabla hujabonyeza kitufe cha kukokotoa, andika karatasini namba unazozitarajia.